Kapu la Mhasibu

Katika miaka yote niliyomfahamu, sikumwona Mhasibu akifanya uhasibu hata siku moja. Alikuwa amestaafu kabla sijafungua duka langu hapa Kayanga, na kazi aliyokuwa akiifanya zamani hakupenda kuisimulia. Lakini jina lilimganda. Mchungaji wake alimwita Mhasibu, waendesha bodaboda walimwita Mhasibu, na hata mkewe, mwanamke aliyemzalia watoto, alimwita Mhasibu mbele za watu, kwa sauti ya bosi anayemwita karani aje achukue faili. Habari za ukoo wake nawaachia Wahaya wenzake wa Muleba, ambao wakianza mambo hayo hawamalizi. Mimi nitasema niliyoyaona kutoka nyuma ya kaunta yangu. Zaidi nitasema habari za mashine yake, kwa sababu ilibaki kidogo sana mashine hiyo ituondolee mkewe, na mkewe ndiye kiumbe pekee aliyempenda kuliko mashine.

Mashine yenyewe ilikuwa kikokotoo cha fedha. Neno kikokotoo wastaafu siku hizi hawalipendi, na sababu wanaijua wenyewe, waliopunguziwa mafao nalo, kwa hiyo yeye alisema "mashine" tu. Ilikuwa nyeusi, pana kuliko urefu wake, na vitufe vyake vilikuwa na maandishi ya dhahabu kwa juu na ya buluu kwa chini. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa benki: riba, marejesho, nyumba hii itakuwa na thamani gani baada ya miaka kadhaa. Safu nzima ya juu ni ya shughuli hizo, na Mhasibu hakuigusa. Alichukia mikopo vibaya sana. Maofisa wa mikopo walipopita mtaani na fulana zao za rangi, alikuwa anahama benchi la mbele ya duka langu. Alichotumia ni vitufe vichache vya pembeni ambavyo nadhani watengenezaji waliviweka kwa kuwa nafasi ilibaki, vitufe vya takwimu. Ni sawasawa na mtu kununua lori ili asikilize redio yake.

Niliwahi kumwuliza kwa nini asinunue kile cha wanafunzi, ambacho hata mimi nakiuza, kina takwimu zote na bei yake haiumizi.

"Kile ni cha kufanyia mtihani, Bi Duka," akanijibu. "Ukishafaulu unakitupa."

Namna alivyokitumia ilikuwa hivi. Unaandika namba, unabonyeza kitufe kimoja cha pembeni, namba inaingia ndani. Kitufe hicho alikiita kapu. Kila unapotia kitu kapuni, mashine haikurudishii ulichotia, inakwambia tu idadi ya vitu vilivyomo: moja, mbili, tatu. Ukitosheka, unabonyeza kitufe cha buluu, inakupa wastani wa vyote. Ukibonyeza kingine, inakupa mtawanyiko, yaani vitu vyako vimekaa karibu karibu au vimesambaa kama kuku waliorushiwa jiwe. Jambo moja alilisisitiza kila mara: mashine haikumbuki kitu kimoja kimoja. Inakumbuka jumla. Ukishatia, umetia. Na kapu ni moja tu, hakuna la pili.

Mashine ile ilikuwa na kasoro nyingine ambayo kwake ilikuwa sifa. Haikuwa na kitufe cha sawasawa. Kujumlisha mbili na tatu unaandika mbili, unaithibitisha, unaandika tatu, ndipo unabonyeza alama ya kujumlisha, mwishoni kabisa, kama mtu anayekula ndizi kwanza halafu ndiyo anamenya. Hakuna mtu mtaani aliyeweza kuiazima zaidi ya dakika tano. Siku moja ya gulio kule Omurushaka mwizi alimchomolea mfukoni. Mhasibu alirudi amenyong'onyea, akakaa kwenye benchi langu. Haikupita wiki, akaja fundi redio mmoja ameishika kwa vidole viwili.

"Shikamoo Mzee. Hii ni ya kwako?"

"Marahaba. Ni yangu. Umeitoa wapi?"

"Niliuziwa. Lakini aliyeniuzia kanitapeli. Mbovu hii, haina sawasawa. Nimeifungua, nimetafuta waya uliokatika, sikuuona. Nikaambiwa hapa Kayanga yupo mzee mmoja tu mwenye vitu vya namna hii."

Mhasibu alifurahi mpaka akataka kumfundisha palepale. Fundi alivumilia mbili na tatu, alivumilia kapu, lakini walipofika kwenye mtawanyiko akakumbuka kwamba ameacha pasi ya mteja kwenye moto.

Lazima nieleze benchi. Duka langu ni la majembe, mbegu, misumari na mabati. Babu yangu alitoka pwani akaja huku na mizigo ya nguo, akaoa, akasahau njia ya kurudi. Sisi wajukuu tumezaliwa hapa, Kiswahili ni cha nyumbani na Kinyambo ni cha dukani. Mbele ya duka lipo benchi la mbao ambalo niliweka kwa ajili ya wateja, na wateja hawakuwahi kulikalia kwa sababu Mhasibu alikuwa amelikalia. Alifika mchana baada ya chakula, akafungua kifuko chake cha ngozi, akatafuna punje zake mbili tatu za kahawa ya kukaushwa, akaanza kupima dunia.

Alipima kila kitu. Mahubiri ya kanisani kwao aliyapima kwa dakika, na mchungaji akajua, na kuna kipindi mchungaji alikuwa anaangalia saa kuliko waumini. Mikungu ya ndizi iliyoshushwa kwenye pikapu kutoka kule Ndama aliipima kwenye mzani wangu, mmoja mmoja, wakati mwenye mikungu akihema kwa hasira. Alikuwa na kopo la kupimia mvua nyumbani, na rafiki yake kule Rugu alikuwa na kopo jingine, na kila baada ya mvua walipigiana simu kama wachumba. Wakulima walimcheka, lakini nilichokiona mimi ni kwamba kabla ya kununua mbegu walipitia kwanza benchi, wakajifanya wanapumzika.

"Eti Mhasibu, mvua yako inasemaje?"

"Wastani unasema wiki ijayo itatosha."

Walinunua. Mara nyingi ilitosha. Ila yeye mwenyewe hakuwahi kubeba mwavuli, na hili lilinichekesha miaka yote. Mtu mwenye makopo mawili ya mvua alifika dukani kwangu akichuruzika maji, anapangusa mashine kwa leso kabla ya kujipangusa uso. Nilikuwa namwambia, "Mzee, mvua hukuiona?" Naye akitetemeka vile, midomo imebadilika rangi, ananijibu kwamba kwa mwezi huu wastani ni mdogo sana. Mkewe alikuwa akituma taulo.

Mkewe sote tulimwita Mama. Mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, aliyelima migomba yake mwenyewe nyuma ya nyumba na hakumruhusu mtu apime mkungu wake wowote. "Wa kwangu haupimwi, unaliwa," alisema. Alikuwa akija kumchukua mumewe jioni, anasimama mlangoni, anamtazama anavyobonyeza, anatikisa kichwa. Nilidhani hasikilizi yale maelezo. Sote tulidhani hivyo.

Sasa nifike kwenye harusi ya mdogo wangu, ambako heshima ya Mhasibu iliingia doa. Mdogo wangu alioa binti wa Kinyambo kutoka Igurwa, aliyesilimu, na ukoo wake wote ukasema utakuja kuona hao Waswahili wanapikaje. Kamati ya harusi ilikaa dukani kwangu. Swali lilikuwa moja: tupike pilau ya watu wangapi? Kila mtu akataja namba yake, kukawa na kelele. Mhasibu, ambaye hakuwa mjumbe ila alikuwa kwenye benchi lake, akaomba nafasi. Akatuuliza harusi tunazozikumbuka za familia na za majirani, kila moja walikuja wangapi. Tukamtajia. Akatia kapuni moja baada ya nyingine, uso umekunjamana kama anayemtoa mtoto mwiba. Akabonyeza kitufe cha buluu, akatuonyesha kioo. Namba ikatupendeza maana ilikuwa ndogo kuliko tulivyoogopa. Mweka hazina wa kamati alimshika mkono mara mbili.

Pilau ilikwisha wakati watu wa Igurwa ndiyo kwanza wanashuka kwenye gari. Sitaki kuikumbuka sura ya mama yangu. Wanawake wa jirani wakakimbilia migombani, na Mama akaongoza msafara, akaiangusha mikungu yake mwenyewe bila hata kuipima, na ndani ya muda ambao sijui waliupata wapi zikapikwa ndizi na maharage masufuria mazima. Wageni wakala. Mjomba wa bibi harusi, mzee mkubwa mwenye fimbo, akasimama kutoa shukrani. Akasema kwamba walikuwa wameambiwa njiani watapewa wali, na walikuja wamejiandaa kulala njaa, lakini wanashukuru kuona kwamba wakwe zao wanajua chakula ni kitu gani. Akapigiwa vigelegele. Mpaka leo kule Igurwa harusi ile inatajwa kwa uzuri, na sisi tunaitikia.

Mhasibu peke yake hakufurahi. Alikaa na mashine siku nzima kesho yake, akajua kilichotokea. Kabla ya kamati kukaa alikuwa anafanyia kazi mahubiri. Dakika za mchungaji zilikuwa bado kapuni, Jumapili nyingi mfululizo, na juu yake akarundika harusi zetu. Tulipikia watu kwa wastani wa wageni na mahubiri. Alikuja kuniomba radhi amevaa koti. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye mfuko wa mbegu, na yeye akasimama tu pale, hacheki.

"Sikufuta kapu," alisema. "Miaka yote hii, Bi Duka. Kitu cha kwanza mtu anachofundishwa."

Tangu siku ile, kufuta kapu ikawa dini yake ya pili. Vitufe viwili, cha dhahabu halafu cha kufutia, kioo kinasafika, kinabaki na sifuri. Alivibonyeza kabla ya kila hesabu, kwa sauti: "Futa kapu kwanza." Akalipeleka neno hilo hata pasipohusika. Wanandoa wakija kugombania benchini kwake, mke akianza na makosa ya mwaka ambao walioana, Mhasibu anamkatiza: "Mama, futa kapu kwanza. Leo kafanya nini?" Vijana wa timu ya mpira waliofungwa msimu mzima, aliwaambia hivyohivyo. Kuna mzee wa kanisa ambaye Mhasibu hakuwa anasalimiana naye kwa jambo la zamani sana kuhusu mpaka wa shamba. Nikamwuliza, na huyo je, hujamfuta? Akanijibu kwamba mpaka wa shamba si takwimu.

Kisha binti yao aliyeko Mwanza akawaletea kipimo cha presha, kile cha kufunga mkononi kinachojivimbisha chenyewe. Alikileta kwa ajili ya baba. Baba akajipima mara moja, akaona namba asiyoipenda, akasema kifaa kina hitilafu, akamgeukia mkewe. Ya Mama ilikuwa nzuri. Kesho yake akampima tena, nzuri. Ikawa desturi ya kila asubuhi kabla ya chai: Mama anakaa kwenye kiti cha jikoni, ananyoosha mkono, Mhasibu anafunga kitambaa kile kwa uangalifu wa mtu anayefunga zawadi, wote wawili wananyamaza mpaka kilie. Namba ya juu anaitia kapuni.

Na hapa ndipo mtaa ulipopata msiba mdogo ambao hatukuuelewa mapema. Mhasibu aliacha kupima dunia. Alikuja benchini kama kawaida, akatafuna kahawa, lakini mashine haikutoka kwenye kifuko. Mahubiri yakaongezeka urefu. Mikungu ya Ndama ikashushwa bila mzani. Mkulima mmoja akamwuliza habari za mvua, akajibiwa, "Sina nafasi, kapu lina mtu." Nilidhani ni utani. Baadaye nikaelewa kwamba ni maelezo ya kiufundi. Kapu ni moja. Ukitaka kupima kitu kingine ni lazima ufute kilichomo, na kilichomo alikuwa mkewe.

Nakiri kwamba jambo hilo lilinigusa. Niliona wanaume wengi wakiwapa wake zao vitu, kanga, viatu, hata magari, lakini sikuwahi kuona mwanamume aliyempa mkewe kapu lake zima. Mwaka ukapita, ukaja mwingine, na mwingine. Idadi ilipopita elfu alikuja kuniambia, kwa siri, kama mtu anayesema amepata mjukuu. Wastani ulikuwa mzuri, mtawanyiko mdogo. "Mke wangu," alisema, "hana maneno mengi ndani." Mtu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe!

Halafu Mama akaanza kuumwa kichwa.

Alianza kwa kufunga kitambaa kipajini. Kisha akaacha kuja jioni kumchukua mumewe, akawa anatuma mtu. Nilipokwenda kumwona alikuwa amekaa jikoni na mapazia yamefungwa, na miguu imevimba. Nikamwuliza Mhasibu presha inasemaje. Akanijibu kwamba siku hizi mbili tatu imepanda kidogo, lakini wastani uko palepale, haujatikisika.

"Imepanda mpaka ngapi?"

Hakutaka kusema. Akarudia: wastani uko palepale.

Mama akasema kutoka kwenye kiti chake, macho yamefumbwa, "Usihangaike, mwanangu. Mimi siumwi. Anayeumwa ni mke wake wa leo, yule wa wastani hajambo."

Mimi sikusoma takwimu, nilisoma biashara ya misumari. Lakini muuza duka anaelewa kwamba gunia likijaa mchele, ukitupia kokoto tatu juu yake, ukichota katikati utasema hamna kokoto. Siku Mama alizokuwa mzima zilikuwa zaidi ya elfu, na za kuumwa zilikuwa chache. Nilimvuta Mhasibu nje tukasimama karibu na lile kopo lake la mvua. Nikamwambia, "Mzee, mvua ikikulowesha, unalowa kwa wastani au kwa ile ya siku hiyo?"

"Usinifundishe mashine yangu."

"Umefuta kapu?"

Sijawahi kumwona amekasirika vile. Alinitazama kana kwamba nimemtukana mkewe mbele ya wageni. Akasema taratibu, "Siku zake nzuri nazo ni zake. Elfu na zaidi. Nilizichukua mwenyewe, kila asubuhi, mkono huu. Wewe nani kakuruhusu uzitupe?" Kwa mara ya kwanza nilimwogopea mtu kwa sababu ya kiasi anachopenda. Nilirudi dukani nikimlaani yeye na binti yake na aliyebuni kifaa kile.

Nilimwomba mchungaji aseme naye. Mchungaji akasema naye kwa muda mrefu, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa anampima tena, muda ule haukumsaidia.

Basi ilikuwa asubuhi, mvua inanyesha kwa kumwaga. Nilikuwa nafungua mafundo ya kamba nikamwona Mama anaingia dukani peke yake, amelowa, ameshika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. Akaniambia anaona majembe mawili mawili. Nikamwekea kiti. Hatujakaa sawa, Mhasibu akafika nyuma yake, anahema, bila mwavuli, mashine mkononi.

"Nimekwambia usitoke! Mvua hii! Nimetia ya leo, wastani bado ni mia na thelathini na kitu. Tazama mwenyewe. Bi Duka, tazama!"

Mama akanyoosha mkono. Ulikuwa mkono uleule uliokuwa ukinyooshwa kila asubuhi, na nadhani kwa mazoea tu Mhasibu akausogelea, akaweka mashine kwenye kiganja chake. Mama akaishika karibu na uso. Akabonyeza kitufe cha dhahabu. Akabonyeza kitufe cha kufutia.

"Mawe!" Mhasibu alipiga yowe la Kihaya, la kumwita mama yake, ambalo waendesha bodaboda walilisikia ng'ambo ya barabara. "Unafanya nini? Mama Koku! Unafanya nini?"

Kioo kilikuwa na sifuri. Mama akaandika namba ya asubuhi ile, akabonyeza kapu. Moja. Akaandika ya jana. Mbili. Akaandika ya juzi. Tatu. Zote alizijua kwa moyo, maana zilitoka mwilini mwake. Akabonyeza kitufe cha buluu, akamrudishia.

"Soma, Mhasibu."

Hakusoma kwa sauti. Ilikuwa karibu mia mbili. Nilimwona anabonyeza tena kitufe kilekile, na mashine ikampa jawabu lilelile, maana mashine haina aibu.

"Nani amekufundisha?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Miaka yote unasema futa kapu kwanza, futa kapu kwanza," Mama akamwambia. "Ulidhani unamwambia nani?"

Tulimpakia kwenye pikapu yangu, Mhasibu akakaa nyuma kwenye mvua pamoja na mabati kwa sababu mbele palikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu. Hospitalini daktari kijana alimpokea, akampima, akashtuka, akaanza kutoa amri. Halafu akamgeukia Mhasibu kuuliza swali la kawaida, kwamba siku zote presha ya mama huwa ngapi. Katika wilaya nzima ya Karagwe, na ukiongeza Kyerwa, hakuna mume aliyewahi kujiandaa kwa swali hilo kama yeye. Alisimama pale anachuruzika maji.

"Sijui," alisema. "Tumefuta."

Daktari alimwambia kwamba wangechelewa siku mbili angekuwa anaongea naye habari nyingine. Mhasibu akaniomba nimpeleke nje. Alilia nyuma ya jengo la wazazi, amesimama, kofia mkononi, na mimi nikamshikia mashine.

Mama akalazwa, akapona, akarudi na mfuko wa vidonge na amri ya kutokula chumvi, na kelele alizopiga kuhusu chumvi hiyo zilitutosha mtaa mzima. Mhasibu hakusema tena neno "wastani" kwa muda mrefu. Nilidhani mashine ameitupa. Mwavuli alinunua, kwangu, mweusi mkubwa, akawa anaubeba hata kiangazi.

Miaka imepita tangu hapo, na mwezi uliopita ndipo nilipomwona kwa namna ninayotaka kumkumbukia, maana watoto wanazungumzia kuwahamishia Mwanza na nadhani safari hii watafaulu. Alikuja dukani na fimbo. Amekonda, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola, mikono inamtetemeka. Akakaa kwenye benchi, akafungua kifuko cha ngozi. Mashine ilikuwa ileile, isipokuwa rangi ya dhahabu imelika kabisa kwenye kile kitufe kimoja.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo ni Jumatatu?"

"Ndiyo, Mzee. Jumatatu."

Ndipo akaniambia. Tangu hospitali, kila asubuhi anampima kama zamani na kutia kapuni. Lakini kila Jumatatu anafuta. Juma zima anaondoa, anaanza na moja.

"Hilo ndilo sahihi?" nikamwuliza. "Kwa takwimu?"

"Kwa takwimu ni ujinga. Siku saba si kitu. Mwanafunzi angeniletea kazi ya siku saba ningemfukuza." Akapangusa kioo kwa kidole gumba. "Kwa Mama ndilo sahihi."

"Na hujazoea bado?"

"Kufuta? Hapana. Naogopa kila Jumatatu." Akanisogezea mashine. "Leo vidole vinakataa. Nibonyezee."

"Vidole au wewe?"

"Bi Duka, bonyeza."

Ng'ambo ya barabara Mama alikuwa amesimama kando ya baiskeli ya mtu wa Rugu, anagombania mkungu, kanga begani, sauti inafika hadi kwangu. Alikuwa anamweleza mwenye baiskeli kwamba mikungu ya siku hizi imedumaa kama wenyewe. Nikabonyeza kitufe cha dhahabu, nikabonyeza cha kufutia. Kioo kikabaki na sifuri. Nikamgeuzia aone.

Hakukitazama. Alikuwa anatazama ng'ambo ya barabara, amekaza macho, mdomo uko wazi kidogo, na aliendelea kutazama vile mpaka Mama alipogeuka.

"Mhasibu!" Mama akapaza sauti. "Umekaa hapo unafanya nini tena? Njoo ushike mkungu!"

Akashusha pumzi. Akanitajia kipimo cha asubuhi ile, mia na thelathini na nane. Nikakiandika, nikabonyeza kapu, na kioo kikaandika moja.